Kimeng'enya cha BTK na mtoto wa kiume asiyepona maambukizi: maswali na majibu

Swali: BTK ni nini, na hufanya kazi gani mwilini?

BTK (kifupi cha Bruton's tyrosine kinase) ni kimeng'enya cha jamii ya tairosini kinasi, yaani vimeng'enya vinavyopachika fosfeti kwenye protini nyingine na kuziamsha zifanye kazi. Seli B, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, huzaliwa katika uboho wa mifupa na kukua kwa hatua. Zinapounda kipokezi chao cha mwanzo, BTK ndiyo hupitisha taarifa ndani ya seli kwamba kipokezi kiko tayari na ukuaji uendelee. BTK ikiwa na kasoro na taarifa hiyo isipofike, nyingi ya seli hizo hufia humo ubohoni, na kwa kuwa seli B ndizo zinazokomaa na kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazopambana na vijidudu, mtoto hubaki karibu bila kingamwili kabisa.

Swali: Kwa nini ugonjwa huu wa kukosa kingamwili huwapata wavulana?

Jeni ya BTK imo katika kromosomu X, na mvulana anayo moja tu, aliyoipata kwa mama. Mama mwenye jeni yenye kasoro kwa kawaida haugui, ila kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Mama asilaumiwe, wakati mwingine kasoro huanza kwa mtoto mwenyewe.

Swali: Dalili zake ni zipi?

Miezi ya mwanzo mtoto hulindwa na kingamwili alizopata tumboni mwa mama. Zinapopungua, yapata miezi 6, huanza nimonia na masikio kutoa usaha, na dawa ikiisha ugonjwa hurudi. Iko ishara ambayo ningependa kila mhudumu wa afya aikumbuke: mtoto akipanua kinywa na ulimi ukakandamizwa kwa kijiti, pande mbili za koo, ambapo tonsili za wenzake huonekana zimejaa, kwake huwa patupu au pana vinundu vidogo mno, kwani tonsili hujengwa zaidi na seli B.

Swali: Je, kuna tiba?

Ipo. Mwaka 1952 Ogden Bruton, daktari wa watoto katika jeshi la Marekani, alipima damu ya mvulana wa miaka 8 aliyeandamwa na maambukizi makali, akakuta haina gamaglobulini, sehemu inayobeba kingamwili, akaanza kumdunga iliyotoka kwa watu wengine. Jeni ilipotambuliwa mwaka 1993, kimeng'enya kikapewa jina lake. Hadi leo mgonjwa hupewa kingamwili za wachangiaji kupitia mshipa kila wiki 3 hadi 4, au chini ya ngozi kila wiki, maisha yake yote. Akishatambuliwa, asipewe tena chanjo ya polio ya matone, kwa sababu virusi vyake ni hai na vyaweza kumpoozesha.