Maikrofoni Haijafa, Imenyimwa Ruhusa

Wengi wanaorekodi podikasti jijini Nairobi huamini kwamba maikrofoni ikinyamaza baada ya kusasisha mfumo wa kompyuta, basi kiolesura cha sauti cha USB, yaani kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, kimeungua, na kesho yake utawakuta kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue wakiulizia bei ya kingine. Haraka ya nini? Tazama kwanza taa ya sauti kwenye kiolesura chenyewe: ikiwaka kijani kila unapotamka neno, ilhali mstari wa sauti katika programu ya kurekodi umelala tuli, kifaa ni kizima na sauti inazuiwa ndani ya kompyuta. Tangu macOS Mojave, mfumo wa kompyuta za Mac wa mwaka 2018, programu iliyonyimwa ruhusa ya maikrofoni hupokea ukimya mtupu, mara nyingi bila onyo lolote, na hapo ndipo watu hudanganyika. Fungua mipangilio ya faragha, sehemu ya maikrofoni, uiruhusu programu yako, kisha uifunge kabisa na kuifungua upya. Windows nayo ina swichi ya namna hiyo. Taa isipowaka hata kidogo, kagua waya, na kwa maikrofoni ya kondensa, kitufe cha volti 48 kinachoipa umeme, ambacho mimi mwenyewe nimewahi kukisahau.