Darubini ya stendi kwa ndege wa pwani: namba ya kukuza isikutie tamaa

Wanaotafuta darubini ya stendi, ile ya jicho moja, kwa ajili ya ndege wa Chwaka au Fumba, Unguja, karibu wote huuliza kwanza: inakuza mara ngapi? Kwa pwani zetu hilo litazame mwisho. Jua likishapanda, mchanga ulioachwa na maji hupata moto na hewa juu yake hucheza. Ukikuza mara 60 unakuza mazigazi, na ndege anabaki doa linalotetemeka. Saa za jua kali, mara 25 au 30 ndiyo inayofaa, hata kwa darubini ya bei kubwa.

Anza na lenzi ya mbele. Gawa upana wake kwa kiwango cha kukuza, upate upana wa mwanga unaoingia jichoni. Darubini ya 20–60×80, yaani inayokuza mara 20 hadi 60 kwa lenzi ya mbele ya milimita 80, ikikuza mara 20 hutoa milimita 4, picha inang'aa. Ikifika mara 60 hubaki 1.3, picha inafifia. Ya milimita 65 kwa mara 60 hutoa 1.1 tu. Hata hivyo anayetembea kwa miguu kwenye matope ya mikoko namshauri achukue hiyo ya 65, kwa sababu ya wepesi. Ya 80 imfae anayekaa mahali pamoja au anayetazama jua likielekea kuzama.

Kisha ubora wa kioo. Tafuta alama ya ED, yaani kioo kinachopunguza kutawanyika kwa rangi, halafu usiiamini peke yake: elekeza darubini kwenye kitu cheupe kilichopakana na cheusi, vuta karibu hadi mwisho, utazame ukingo. Ukiona utepe wa zambarau au kijani, kioo ni dhaifu. Kwetu hili lina uzito, kwani Dromas ardeola, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ni mtihani wa kioo anayetembea. Tena kuna wale ndege wawili wadogo wa mchangani wanaofanana, mmoja mdomo mrefu zaidi na miguu iliyopauka, mwenzake mdomo mfupi na miguu ya giza. Rangi ikichafuka, huwatenganishi.

Mvaa miwani aulize jicho linaweza kukaa umbali gani na lenzi ya nyuma bila kupoteza ukingo wa picha; chini ya milimita 15 atahangaika.

Mimi napendelea yenye shingo iliyopinda, ambayo unaitazama kwa kuinamisha kichwa. Ni ngumu zaidi kumlenga ndege kwa mara ya kwanza, lakini stendi inakaa chini, na kaskazi ikivuma hilo ndilo linalookoa picha. Usipandishe nguzo ya katikati. Fungua miguu na utundike mkoba chini yake. Darubini nzuri juu ya stendi nyepesi ya kamera ni fedha iliyotupwa. Kwa msitu wa Ngezi au Jozani iache nyumbani, beba ya macho mawili, 8×42.

Saa ya kwenda ipange kwa maji. Wakati wa bamvua maji hupwa asubuhi na ndege huenda mbali mno. Yakianza kujaa mchana, yanawasukuma kuelekea kwako. Ukiwa upande wa kijiji cha Chwaka, alasiri jua liko mgongoni na mazigazi yamepungua. Hapo ndipo mara 40 hufaa kitu.

Chumvi huua darubini kuliko kuanguka. Usifute lenzi kwa ncha ya kanga au shati: chembe za chumvi na mchanga hukwaruza utando wake. Puliza kwa kipulizio cha mpira, piga brashi laini, ndipo utumie kitambaa cha lenzi chenye unyevu kidogo. Miguu ya stendi isuuze kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile, ukiwa umeivuta yote, uiache ikauke kabla ya kuikunja. Darubini usiifungie mkobani ikiwa na unyevu, ukungu huota ndani ya vioo na kuutoa ni kazi ya fundi. Iweke kwenye kopo la plastiki linalobana pamoja na vipakiti vya silika, uvikaushe au uvibadilishe vikishiba maji.