58,955,895: urefu wa Kilimanjaro ulioandikwa mara mbili

Hapa Moshi hata mtoto wa darasa la tatu anaijua 5,895, mita za kilele cha Uhuru. Iandike mara mbili mfululizo upate 58,955,895. Wageni wa idara yetu ya hisabati tukiwauliza namba hii inagawanyika kwa zipi, wengi hukimbilia kikokotoo cha simu. Kiache kwanza.

Inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Ni witiri, basi 2 haimo. Jumla ya tarakimu zake ni 54, ambayo inagawanyika kwa 9, na namba yenyewe vilevile. Sasa angalia mtego: 54 inagawanyika pia kwa 27, lakini 58,955,895 ukiigawa kwa 27 inabaki 18. Kanuni ya kujumlisha tarakimu inafanya kazi kwa 3 na 9 tu kwa sababu 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ukiigawa kwa 9 hubaki 1. Kwa 27, 10 hubaki 10 na 100 hubaki 19. Shuleni tulikariri kanuni, sababu hatukupewa. Ni hasara kubwa.

Utamu wenyewe uko kwenye kule kurudia. Kuandika namba ya tarakimu nne mara mbili ni kuizidisha kwa 10,001, na 10,001 ni 73 × 137. Jaribu na mwaka wako wa kuzaliwa (namba ya siri ya M-Pesa iache, tafadhali). Aliyezaliwa 1987 ana 19,871,987. Agawe kwa 73, jibu aligawe kwa 137, atarudishiwa 1987 yake. Kwa kuwa 5,895 ni 3 × 3 × 5 × 131, namba yetu yote ni 3 × 3 × 5 × 73 × 131 × 137, nayo ina vigawo 48.

Imefunguka upesi kwa sababu tulijua ilivyoundwa, wala si kwa udogo wake. Zidisha namba tasa mbili kubwa zilizochaguliwa bila mpangilio, na kuzitenganisha tena ni kazi nzito mno: namba ya tarakimu 250 iitwayo RSA-250 ilivunjwa mwaka 2020 tu, kwa kutumia maelfu ya kompyuta. RSA ni njia ya kuficha ujumbe, na ufunguo wake hutokana na kuzidisha namba tasa mbili kama hizo; funguo zake zinazotumika sana kulinda mawasiliano ya intaneti zina tarakimu 617.

Hata hizo zina mlango wa nyuma. Mwaka 2012 watafiti walikusanya mamilioni ya funguo za aina hiyo, wakakuta maelfu zimetengenezwa na vifaa visivyochagua kwa bahati nasibu ya kweli, kiasi kwamba funguo mbili tofauti zilikuwa na namba tasa moja ileile. Kuzivunja hakukuhitaji kompyuta ya ajabu. Walitafuta KKS ya funguo hizo, kigawo kikubwa cha shirika, ileile ya shule ya msingi, nayo ndiyo namba tasa zinayoshirikiana.