Kijaluba cha lakiri: kilichoulinda muhuri wa Mrumi

Kijaluba cha lakiri (nta inayogongwa muhuri) ni kikopo bapa cha shaba chenye kifuniko cha bawaba, na vingi havizidi upana wa kidole gumba sana. Vilitumika hasa kati ya karne ya 1 na ya 3 baada ya Kristo, zaidi katika majimbo ya Roma ya kaskazini-magharibi. Vimeokotwa kwa wingi Uingereza, na vingine Augusta Raurica, leo Augst nchini Uswisi.

Ni rahisi kudhani kuwa kijaluba chenyewe ndicho kilichogonga muhuri. Sivyo. Muhuri uligongwa kwa pete ya mwenye mali. Kijaluba kiliulinda tu. Mzigo ulifungwa kwa uzi, uzi ukapitishwa kwenye mikato miwili ya ubavuni, fundo likakaa ndani. Juu yake ilimiminwa nta ya nyuki, na kabla haijaganda, pete ikagandamizwa. Kisha kifuniko kikafungwa. Nta ikiachwa wazi husuguliwa, hupasuka au hulainika juani, na alama ikifutika hakuna ushahidi tena. Maana lakiri haimzuii mwizi: uzi unakatwa kwa kisu kidogo tu. Inachomnyima ni kuiba bila kujulikana.

Kitako huwa na matundu matatu au manne, ambayo kazi yake bado inabishaniwa. Kifuniko ndicho kilichopewa urembo wote. Kuna cha duara, cha mraba, na cha umbo la jani, kinachonivutia kuliko vyote: kipande kisichofika sentimita nne, lakini fundi amechimba vijishimo na kuvijaza rangi ya kioo kilichoyeyushwa, nyekundu na buluu. Vingine vimepigiliwa mnyama mdogo, kama chura.

Kwa muda mrefu vilielezwa kuwa vya kufungia barua na mikataba iliyoandikwa kwenye vibao vya mbao. Lakini vibao vingi vya mikataba vilichongwa mfereji wake wa kuwekea nta, hivyo kijaluba hakikuhitajika hapo. Ndiyo maana watafiti wengi sasa wanaelekea kwenye mifuko ya fedha na vitu vya thamani, na mimi naona hoja hiyo ina nguvu zaidi.

Uzi umeoza, nta mara nyingi imetoweka, na bawaba ilikuwa dhaifu. Kinachotoka ardhini mara nyingi ni kifuniko peke yake, au kitako peke yake.