Utafiti wa mustakabali si utabiri

Mwezi uliopita nilihudhuria warsha ya mipango miji, zile za kuanza saa tatu kwenye ratiba na saa nne na nusu kwa saa ya ukutani. Mtoa mada akatuwekea picha ya maghorofa ya vioo na barabara za juu kwa juu, akasema: "Utafiti wa mustakabali umetabiri kwamba mwaka 2050 jiji letu litakuwa hivi." Makofi. Mimi nilinyamaza kwa kuwa chai ilikuwa imeshafika, ila ni mara ya nne mwaka huu nasikia sentensi ya namna hiyo, na maneno mawili yaliyomo humo hayakai nyumba moja.

Utafiti wa mustakabali ni kuchunguza kwa utaratibu hali mbalimbali zinazoweza kutokea mbele, ili anayeamua leo ajue uamuzi wake utasimama katika hali zipi na utaanguka katika zipi. Maana ni hiyo tu. Kilichobaki ni ugomvi wangu.

Tuanze na utabiri. Limetoka kwenye Kiarabu, taabiri, na huko lilikuwa neno la ndoto. Mtabiri wa asili ni mfasiri wa ndoto: analetewa ng'ombe saba walionona wanaoliwa na saba waliokonda, aseme maana yake nini. Mzizi wake ni wa kuvuka, kutoka ng'ambo hii kwenda ile, na ndio huo uliotupa kuabiri na abiria. Mtabiri anaivusha ndoto kutoka kwenye picha hadi kwenye maana. Siku hizi neno hilo tunalikuta zaidi kwenye hali ya hewa, na huko limekaa pazuri. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wakisema kesho mvua, kesho ni moja, na jioni yake tutajua kama wamepata au wamekosa. Utabiri una jibu moja na una siku ya kusahihishwa.

Mustakabali una ukoo mwingine kabisa. Ndugu zake ni kibla, mkabala, kukabili na kukubali. Hata kabla, neno letu la yaliyotangulia, ni wa damu moja naye, jambo ambalo kila nikilikumbuka hunichekesha. Kwa umbo lake la Kiarabu, mustakabali ni kile kinachoelekewa na kupokewa. Kitenzi kilichouzaa ndicho Waarabu wanachokitumia kwa kumlaki mgeni. Sasa mgeni wa mbali hujui atafika na wangapi, wala kama anakula samaki. Hukai barazani ukabashiri rangi ya kanzu yake. Unafagia uwanja, unaongeza kibaba cha mchele, na mkeka wa akiba unauweka karibu. Ndiyo kazi ninayoizungumzia.

Nabii Yusufu mwenyewe, mfasiri wa ndoto anayejulikana na Waislamu na Wakristo, hakuishia kwenye kufasiri. Alieleza nafaka itunzwe vipi, na kilichoiokoa Misri ni maghala. Nusu hiyo ya pili ya kisa ndiyo inayosahaulika warshani.

Kuna neno la tatu ambalo huvalishwa joho la mustakabali, nalo ni makadirio. Sina ubaya nalo. Unachukua mwendo wa miaka iliyopita, unaurefusha mbele, unapata namba. Mipango inahitaji namba. Tatizo linaanza namba hiyo ikishatundikwa ukutani kana kwamba imeshatokea. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba Dar es Salaam ingepita watu milioni 10 ifikapo 2030, na tangu hapo sijahudhuria kikao cha jiji bila kuisikia hiyo milioni 10. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima wa Dar es Salaam. Kuna waliokasirika wakadai sensa imekosea. Hawakugeuza ukurasa wa pili: mkoa jirani wa Pwani ulikuwa na watu takribani milioni 1.1 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ukapita milioni 2. Sensa haikumuuliza kila mtu kwa nini kajenga Kibaha, Mkuranga au Bagamoyo. Anayepanda basi la alfajiri pale Mlandizi kuwahi kazi mjini anajua sehemu ya jibu.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Mkadiriaji atarudi kurekebisha namba yake, na afanye hivyo. Mtafiti wa mustakabali atauliza maswali ya aina nyingine. Jiji likiendelea kumwagikia nje ya mipaka yake, nani atapeleka maji kule, na kwa bajeti ya halmashauri ipi? Na treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwaka 2024, ikimfanya mtu alale Morogoro na kufanya kazi Kariakoo, bado tunahitaji barabara ile tuliyoipanga? Je, Magomeni na Ilala zikipanda ghorofa badala ya kutambaa, mabomba ya majitaka yaliyopo yatahimili? Kila hali anaiandikia kisa chake, kikamilifu kiasi cha mtu kujiona ndani yake. Visa hivyo huitwa senario, neno la Kiitaliano la jukwaani lililopitia kwenye filamu kabla Herman Kahn na wenzake wa RAND, taasisi ya utafiti huko Marekani, hawajaliingiza kwenye mambo ya vita vya nyuklia. Kisha anauchukua mpango mmoja uliopo mezani na kuupitisha katika visa vyote. Ukisimama katika kimoja tu, huo ni mpango wa kamari.

Chukua Jangwani. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa katika bonde la mto Msimbazi, huduma ikaanza 2016, na mvua kubwa zilipokuja picha za mabasi ndani ya maji zilizunguka kwenye simu zetu. Ukiuliza mvua ya kawaida ya bonde hili ni kiasi gani, jibu utalipata kwenye daftari la miaka iliyopita. Swali la mustakabali linaanzia juu zaidi, kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe mto unakotokea. Miteremko ile ikijaa mabati na saruji, maji yatashuka Jangwani kwa kasi gani? Na bahari ikipanda kidogo, yatatokea vipi pale daraja la Salenda, mto unapoingia baharini? Huhitaji kujua tarehe ya mafuriko ili uamue mahali pa kuegesha mabasi.

Upande wa sera, mfano ninaoupenda ni wa Afrika Kusini. Kati ya 1991 na 1992, ubaguzi wa rangi ukiwa unaelekea ukingoni na uchaguzi bado, watu 22 wa kambi tofauti walikutana Mont Fleur, karibu na Stellenbosch, wakatoka na visa vinne. Mbuni: serikali inaficha kichwa mchangani, hakuna maafikiano. Bata kilema: kipindi cha mpito kinakokota, hakuna anayeamua. Ikaro, yule kijana wa hadithi ya Kigiriki aliyeruka kwa mbawa za nta: serikali mpya inatumia fedha kwa pupa, inaruka karibu na jua na mbawa zinayeyuka. Heroe: wanaruka polepole, lakini wote kwa pamoja. Hakuna aliyesema nchi itakuwa mbuni au heroe. Trevor Manuel, aliyekuja kuwa waziri wa fedha 1996, alikuwa miongoni mwa wale 22, na si vigumu kuona faida ya mtu kama huyo kukaa na kisa cha Ikaro miaka kadhaa kabla hajakabidhiwa hazina. Wafini wao wamelipatia jambo hili kiti cha kudumu: bunge lao lina kamati ya mustakabali tangu 1993, na serikali huipelekea bunge ripoti ya mustakabali ipate kujadiliwa.

Nigusie na dira, maana hiyo nayo huchanganywa. Kenya ilizindua Ruwaza ya 2030 mwaka 2008, Tanzania ikazindua Dira ya 2050 Julai 2025. Hizo zinasema tunataka kufika wapi, na ni haki ya taifa kutaka. Lakini nahodha mwenye dira mkononi bado atauliza huu ni msimu wa kusi au kaskazi, na atafanya nini upepo ukigeuka akiwa katikati ya mkondo wa Pemba. Dira huchagua mwisho mmoja, nao utafiti wa mustakabali hukataa makusudi kuchagua mmoja.

Nadhani lugha yenyewe inatuponza kidogo. Sisi husema mustakabali wa taifa, mustakabali wa vijana, daima kwa umoja. Sijawahi kumsikia mtu mwenye akili timamu akisema "mistakabali", wala sipendekezi tuanze. Tunaweza tu kusema hali nyingi za mbele, Kiswahili hakitapungukiwa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa warshani, sikuja kukuumbua. Picha zako zilikuwa nzuri na jiji ulilotuonyesha ningependa kuishi humo. Ila ile ilikuwa dira, kwa hiyo iite dira. Ukisoma namba ya watu wa 2050, sema "makadirio yanaonyesha", na utaje yamefanywa kwa takwimu za mwaka gani. Utabiri waachie TMA. Na ukitaka kweli kutumia jina la utafiti wa mustakabali, warsha ijayo tuletee picha tatu au nne badala ya moja, na mojawapo iwe ile usiyotamani kuionyesha wafadhili.