Unguja haikuwa kisiwa siku zote: dhana potofu kuhusu bahari na watu wa kale

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba bahari ilipo leo ndipo ilipokuwa tangu enzi na enzi. Imani hiyo imezaa nyingine kadhaa.

Dhana: Wakazi wa kwanza wa Unguja walifika kwa chombo.

Ukweli ni kwamba walifika kwa miguu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu nzito ilifunika Kanada na kaskazini mwa Ulaya. Maji mengi yalikuwa yameganda huko juu ya nchi kavu, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa takriban mita 120. Mkondo wa Unguja una kina cha makumi machache tu ya mita, kwa hiyo ulikuwa nchi kavu.

Ushahidi uko Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani. Profesa Felix Chami alichimba hapo mwaka 2005, na wengine wakaendelea baada yake. Pamoja na zana za mawe, tabaka za chini zimetoa mifupa ya pundamilia, nyati na kuro. Pundamilia, Unguja! Hakuna aliyempakia jahazini. Alikuja akichunga, na wawindaji nyuma yake. Maji yalikata njia miaka kama 11,000 hadi 10,000 iliyopita, na baadaye wanyama hao wakubwa wakatoweka kisiwani. Chui alidumu hadi karne ya 20. Paa nunga na kima punju wapo hadi leo.

Dhana: Basi na Pemba iliungana na bara.

Hapana. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, hivyo hata bahari iliposhuka vile haukukauka.

Dhana: Mtu wa kale wa pwani aliishi kwa samaki.

Pango liitwalo Panga ya Saidi, katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, liko kilomita 15 hivi kutoka baharini. Watu walilitumia, kwa vipindi, kwa miaka 78,000. Humo alizikwa mtoto wa miaka 3 hivi, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na jinsi kichwa kilivyokaa inaonyesha kiliwekewa kitu mfano wa mto. Ni kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Shanga za kombe za baharini zimepatikana pangoni, lakini mabaki ya chakula ni zaidi ya wanyama wa msituni na mbugani. Kuwa jirani na bahari hakukuwafanya wavuvi.

Dhana: Bahari ilipanda kwa gharika moja.

Ilichukua zaidi ya miaka 10,000. Kuna vipindi ilikimbia: miaka 14,500 hivi iliyopita ilipanda mita kadhaa kwa karne, kiasi cha mzee kuonyesha wajukuu maji yalipofunika pwani aliyookota chaza utotoni. Miaka kama 7,000 iliyopita kasi ikapungua sana.

Dhana: Chini ya bahari hakuna cha kutafuta.

Mwaka 1931 meli ya uvuvi Colinda, ikikokota wavu Bahari ya Kaskazini, ilivua bonge la udongo wa mboji lenye ncha ya chusa iliyochongwa. Eneo hilo, Doggerland, lilikuwa makazi ya wawindaji kati ya Uingereza na bara la Ulaya, na leo sakafu yake imechorwa ramani, mito ya kale ikiwemo. Mkondo wa Unguja nao unastahili kuchunguzwa hivyo, kwa vipimo vya sauti na wapiga mbizi, maana waliowinda nyati wale hawakuishi Kuumbi peke yake.