Mtoto kabanwa kifua: msingoje mashine ya maji ya chumvi

Swali: Bronkiolaitisi ni ugonjwa gani?
Ni kuvimba kwa vijibomba vidogo vya hewa mapafuni. Huwapata watoto wa chini ya miaka 2, hasa wa miezi michache, na mara nyingi huletwa na virusi vya RSV. Huanza kama mafua tu. Siku ya 3 hadi ya 5 ndipo hali huwa mbaya zaidi.

Swali: Nimeambiwa avutishwe mvuke wa maji ya chumvi kwa mashine. Utamponya?
Hautamponya. Maji hayo yana chumvi ya asilimia 3, zaidi ya mara tatu ya dripu ya chumvi ya kawaida, na yanatarajiwa kulainisha makohozi. Kwa maelezo inapendeza. Lakini yalipojaribiwa kwa watoto, matokeo yaligongana, na pale faida ilipoonekana ilikuwa ndogo. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2014 unakataza kumpa maji hayo mtoto aliyefika idara ya dharura. Aliyelazwa anaweza kujaribiwa. Ule wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, wa 2015, unasema yasitumike kabisa kwa ugonjwa huu.

Swali: Mbona wa jirani alivuta akapona?
Angepona hata asingevuta. Wengi hupona wenyewe, kikohozi kikabaki wiki mbili tatu.

Swali: Basi nimpitishe duka la dawa avute kwanza, nione ataamkaje?
Hapana. Mama anafika kwetu hospitalini asubuhi, mtoto kafungwa kwenye kanga, ananiambia: "Jana alivuta mara mbili, akalala vizuri." Nafungua kanga. Mbavu zinaingia ndani, pua zinatanuka, nepi kavu tangu jana jioni. Mama, huyu hakulala vizuri. Alichoka kupumua.

Swali: Na kama mashine ninayo nyumbani?
Jibu ni lile lile: usingoje. Na tafadhali, chumvi ya jikoni haiingii kwenye mashine. Wala sufuria ya maji ya moto haiwekwi karibu na mtoto, tunapokea waliobabuka. Kukata kimeo nako tuache, hakigusi mapafu.

Swali: Nikimbie hospitali nikiona nini?
Mbavu au sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani akivuta pumzi. Anaguna. Anasita kupumua. Midomo imekuwa ya bluu. Ananyonya nusu ya kawaida yake, au hajakojoa saa 12. Analegea, haamshiki vizuri. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11. Moja tu inatosha, hata usiku wa manane. Aliyezaliwa njiti au mwenye tatizo la moyo, mlete mapema zaidi.

Swali: Huko watampa dawa gani?
Wazazi hukasirika wakisikia hakuna sindano. Antibiotiki haziui virusi. Anachohitaji ni oksijeni ikiwa imepungua mwilini, kusafishwa pua zilizoziba, na maziwa kwa mpira wa kulishia, au maji kwa dripu, akishindwa kunyonya. Oksijeni hiyo haiuzwi duka la dawa.

Swali: Aliye na nafuu nimfanyie nini nyumbani?
Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Pua ikiziba, matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua yanatosha, kabla hajanyonya. Jiko la mkaa na sigara vitoke chumbani. Usiku mwangalie kifua, taa ikiwa inawaka.